Kavazi la Kaunti na Kitabu Kilichoteketea: Tafakuri juu ya Kuhifadhi Historia ya Lamu

1. Utangulizi

Mnamo Oktoba 1890 kikosi cha wanamaji wa Uingereza kilichoongozwa na Admirali Fremantle kiliushambulia na kuuteketeza mji wa Witu, makao ya Sultani Fumo Bakari, kulipiza kisasi cha Wajerumani waliouawa huko mwezi uliotangulia. Fumo Bakari alikuwa wa ukoo wa Wanabahani, waliotawala Pate kwa muda mrefu kabla ya kuhamia bara. Kwa mujibu wa mapokeo, katika moto ule kiliangamia pia kitabu cha wafalme wa Pate. Tarikhi ya Pate tuisomayo leo haikutoka moja kwa moja katika kitabu hicho. Kwa sehemu kubwa imetokana na nakala na kumbukumbu zilizopitia kwa mtu mmoja wa ukoo huo aliyekaa Lamu, Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, maarufu kwa jina la Bwana Kitini.

Kisa hiki tunakitanguliza kwa sababu kinabeba swali zima la makala hii. Je, kilichopotea Witu ni nini hasa, na kilichosalia Lamu ni nini? Mwanahistoria aliyezoea nyaraka za ofisi atajibu upesi kwamba chanzo cha asili kiliangamia na kwamba kilichobaki ni masimulizi ya kutiliwa shaka. Mhakiki wa fasihi hana budi kujibu kwa namna nyingine. Kilichosalia ni matini kadhaa, kila moja na msimulizi wake, mwandishi wake na hadhira yake. Na matini hizo, kwa wingi wake na kwa tofauti zake, ni ushahidi wa historia ambao hati moja isingeweza kuutoa.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, suala la kuhifadhi historia ya mahali limepata uzito mpya nchini Kenya. Panapozungumzwa habari za kavazi la kaunti, yaani hazina ya nyaraka inayotunzwa karibu na watu inaowahusu, mjadala aghalabu huishia kwenye jengo, mashine na bajeti. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba suala linalotangulia hayo ni la uhakiki: ni kitu gani kihesabiwe kuwa waraka, nani atambuliwe kuwa mwenye waraka, na nakala ipi isomwe na nani. Lamu tumeiteua kwa sababu hazina yake ya maandishi na ya masimulizi ni kubwa, na kwa sababu madhara ya kuipuuza hazina hiyo yameonekana hadi mahakamani.

2. Kavazi katika sheria

Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yaliasisiwa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru. Msingi wa sheria hiyo ulikuwa nyaraka za umma, yaani karatasi zilizotokana na kazi za serikali. Nyaraka za wilaya na za mikoa zilikusanywa ili zihifadhiwe chini ya mamlaka moja. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake, maadamu karatasi nyingi zilikuwa zikiliwa na mchwa katika maghala ya wakuu wa wilaya. Hata hivyo, uliifanya historia iliyoandikwa ya kila wilaya iwe kitu cha kusafiriwa. Mwanafunzi wa Siu au wa Faza aliyetaka kusoma taarifa za mwaka za wilaya yake alilazimika kwenda Nairobi. Aidha, katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani kilipiga mikrofilamu za sehemu kubwa ya nyaraka hizo. Matokeo yake ni kwamba mtu wa jimbo la New York aliweza kuzisoma taarifa za Lamu kwa urahisi kuliko mtu wa Lamu mwenyewe.

Katiba ya mwaka 2010 iligawa majukumu baina ya serikali ya kitaifa na kaunti 47. Katika Jedwali la Nne, sehemu ya pili, maktaba na makumbusho yametajwa wazi miongoni mwa majukumu ya kaunti. Makavazi hayakutajwa. Na kwa kuwa kifungu cha 186 kinaeleza kwamba jukumu lisilotolewa kwa kaunti hubaki kwa serikali ya kitaifa, kavazi la kaunti limeachwa katika hali ya utata. Kaunti inaweza kufungua maktaba na kusimamisha makumbusho, lakini je, yaweza kudai nyaraka? Wako wanaolitazama pengo hili kama kikwazo. Sisi tunaliona pia kama nafasi. Maadamu kavazi la kaunti halikufungwa katika tafsiri ya mwaka 1965 ya waraka wa umma, laweza kuanza na tafsiri iliyo pana zaidi.

Yapo mambo mawili ya kisheria yanayoiunga mkono tafsiri hiyo. Kifungu cha 35 cha Katiba, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, vinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Hali kadhalika, sheria ya mwaka huohuo kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazipa serikali za kaunti jukumu la kuyakusanya na kuyasajili maarifa hayo. Kwa hivyo, serikali ya kaunti ambayo haikutajiwa makavazi imekwisha kukabidhiwa kazi ambayo haiwezi kutekelezeka minghairi ya kavazi.

3. Sauti ya faili

Faili za kikoloni hazifai kubezwa. Wakuu wa wilaya waliandika taarifa za mwaka, barua, sensa, na vile vitabu vya kumbukumbu za kisiasa ambamo kila afisa aliyehamishwa alimwachia mrithi wake maelezo ya watu na ya nchi. Kwa Lamu, iliyokuwa sehemu ya ukanda wa Pwani uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963, faili hizo zinaonyesha pia namna utawala wa liwali, mudiri na kadhi ulivyounganishwa na utawala wa Kiingereza. Hakuna awezaye kuandika historia ya kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1907, au ya usajili wa ardhi uliofuata sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, bila ya kuzisoma.

Lakini faili ni utanzu, na kama ilivyo katika utanzu wowote, ina kaida zake. Msimulizi wake ni afisa anayekaa miaka miwili au mitatu kisha akahamishwa. Hadhira yake ni mkubwa wake wa kazi. Dhamira zake ni kodi, amani na mazao. Wahusika wake huingia pale tu wanapozua tatizo: mtu hutajwa akishitaki, akishitakiwa au akiomba. Mwanamke wa Pate aliyeendesha nyumba, akarithisha shamba na kuwasomesha wajukuu zake kwa miaka 60 aweza asitajwe hata mara moja, kwa kuwa hakuisumbua serikali. Msomaji asiyezijua kaida za utanzu huu atadhani kwamba ukimya wa faili ni ukimya wa jamii.

Isitoshe, faili tulizo nazo ni zile tulizoachiwa. Mwaka 1961 Wizara ya Makoloni ya Uingereza iliagiza kwamba nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali hiyo zisikabidhiwe kwa nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa. Ni mwaka 2011 tu, katika kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Mau Mau, ambapo serikali ya Uingereza ilikiri kuwa ilikuwa imezificha Hanslope Park faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni yake 37 ya zamani, Kenya ikiwemo. Moto wa Witu, basi, haukuwa wa mwisho. Tofauti ni kwamba mwaka 1890 kitabu kiliteketea katika vita, ilhali katika miaka ya mwisho ya ukoloni karatasi ziliteketezwa kwa amri ya ofisi na kwa utaratibu.

Lamu ina sehemu yake katika mkasa huu. Katika kisiwa cha Manda, huko Takwa, palikuwa na kambi walimofungwa watuhumiwa wa Mau Mau waliohesabiwa kuwa wagumu. Mmoja wao alikuwa mwandishi Gakaara wa Wanjau, ambaye alitunza shajara ya maisha yake kizuizini. Shajara hiyo, iliyochapishwa kwa Kikuyu na kutunukiwa Tuzo ya Noma mwaka 1984, ni waraka wa historia ya Lamu kwa kiwango kilekile ambacho ripoti ya msimamizi wa kambi ni waraka. Imeandikwa katika lugha ambayo wengi wetu hatuitarajii katika rafu ya historia ya Lamu, na jambo hilo tutalirejelea hapa chini.

4. Tarikhi ya Pate na suala la nakala nyingi

Tarikhi ya Pate imetufikia kwa njia kadhaa. Stigand aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya Bwana Kitini. Alice Werner alichapisha matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri yake mwaka 1914 na 1915. Heepe akachapisha toleo jingine huko Berlin mwaka 1928. Miswada minne iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihaririwa na Marina Tolmacheva mwaka 1993. Matini hizi zinapatana katika mkondo mkuu wa habari: kuwasili kwa Wanabahani kutoka Uarabuni mwanzoni mwa karne ya 7 ya Hijria, ndoa iliyowapa utawala, kupanuka kwa Pate, na kudhoofika kwake baada ya kushindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812. Zinatofautiana katika urefu wa tawala, katika mfuatano wa masultani, na katika matukio yanayopewa uzito.

Kwa muda mrefu tofauti hizo zilichukuliwa kuwa kasoro. Mwaka 1969 Neville Chittick, akitegemea uchimbuzi wake, alidai kwamba tarikhi hii imeikuza Pate kupita kiasi na kwamba mji huo haukuwa na umuhimu wowote mkubwa kabla ya karne ya 16. Baadaye uchimbuzi wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar ulionyesha kwamba Pate ilikuwa na wakazi karne nyingi kabla ya wakati huo. Haina maana kwamba kila tarehe iliyotajwa na tarikhi imethibitishwa. Maana yake ni kwamba mwana akiolojia wa kwanza aliukataa ushahidi wa matini mapema mno, kwa kuwa aliisoma tarikhi kama faili iliyokosewa badala ya kuisoma kama simulizi la ukoo lenye kusudi lake.

Na kusudi lilikuwapo. Bwana Kitini alikuwa Mnabahani aliyekuwa akisimulia katika mji ulioishinda Pate, baada ya ukoo wake kupoteza kisiwa, kisha kupoteza Witu, na mbele ya wageni waliokuwa wamekwisha kuwa watawala wa wote. Katika hali hiyo, kuhesabu masultani kwa majina na miaka ya utawala wao ni kudai haki, kama vile wakili adaivyo. Upande wa pili ipo tarikhi ya Lamu ya Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakari, iliyochapishwa na Hichens mwaka 1938, ambayo inaitazama Pate kwa jicho la mshindi. Mtafiti akipewa moja tu kati ya hizi mbili, atakuwa amepewa hoja ya upande mmoja akaiita historia.

Kutokana na hayo twapata kanuni ya kwanza ya kavazi la kaunti: lisitafute matini sahihi moja. Mazoea ya uhariri yaliyorithiwa kutoka kwa wahariri wa Kizungu, na ambayo sisi wenyewe tuliyafuata katika kuhariri tenzi, ni kulinganisha nakala ili kupata nakala bora, kisha nyingine zikatupwa katika tanbihi. Mazoea hayo yafaa kwa mchapishaji. Hayafai kwa mtunzaji. Nakala ya Faza iliyoandikwa na mtu asiyejua sana kuandika ina habari ambazo nakala safi ya Lamu haina: lahaja ya Kitikuu iliyojipenyeza, jina la babu lililoongezwa, beti zilizorukwa kwa sababu mwenye nyumba hakupenda zisomwe. Mtunzaji anayeisahihisha nakala kama hiyo ameifuta sehemu ya historia yake.

5. Miswada iliyosafiri

Hakuna anayeonyesha utata wa chimbuko la miswada kuliko Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mchonga milango na mwanamuziki. Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, kila mmoja kwa wakati wake, walimtegemea awanakilie tenzi na nyimbo za kale. Mwaka 1913 alitunga utenzi wa Fumo Liyongo kwa ajili ya Werner, na utenzi huo ndio uliokuja kusomwa vyuoni kama sauti ya mapokeo ya kale. Nakala zake, zilizopambwa kwa wino wa rangi, sasa zimo katika maktaba za London na za Ujerumani.

Tusimlaumu Kijuma kwa kuuza kazi ya mikono yake. Bila ya kalamu yake huenda tungekuwa tumepoteza mengi. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba alichagua cha kunakili, alijua mnunuzi wake anapenda nini, na aliandika kwa ajili ya msomaji ambaye hakukulia Lamu. Mswada uliotoka nyumbani ili usomwe msibani, na mswada ulioandikwa ili upelekwe London kwa meli, ni miswada miwili hata kama maneno yake ni yaleyale. Katika katalogi za ng'ambo habari za mnunuzi hupatikana kwa urahisi: jina lake, mwaka aliopokea, namba ya sanduku. Habari za nyumba ulikotoka mswada hazipatikani, kwa sababu hakuna aliyeziuliza. Kaunti bado inaweza kuziuliza, maadamu wajukuu wa wenye miswada wangali wakiishi katika mitaa ileile ya Mkomani na Langoni.

Katika karne hii jitihada zimefanywa za kurudisha angalau picha za miswada. Chuo cha SOAS cha London kimeweka katalogi ya miswada yake ya Kiswahili kwenye intaneti. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, msikiti ulioasisiwa na Habib Swaleh, imepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru makavazi yaliyo hatarini, huku miswada yenyewe ikibaki Lamu. Utaratibu huu wa pili ndio unaofaa kuigwa. Karatasi hubaki kwa mwenyewe, picha husafiri. Kwa zaidi ya karne moja mambo yalikuwa kinyume: karatasi ilisafiri, na mwenyewe akabaki na kumbukumbu.

Hata hivyo, picha iliyo kwenye intaneti haijawa imeshirikiwa kwa sababu tu inaonekana. Vijana wengi wa Lamu wanaosoma Kiswahili shuleni hawaisomi khati ya Kiarabu ikiwa imebeba Kiswahili, na wazee wanaoisoma aghalabu hawana haja na mtambo. Kushirikisha ni kuziunganisha hadhira hizi mbili. Kavazi ambalo mzee husoma mswada kwa sauti, kijana akaunakili kwa herufi za Kirumi, na sauti ile ikarekodiwa na kuhifadhiwa pamoja na picha, litakuwa limeongeza nakala mpya katika mlolongo uleule aliomo Bwana Kitini.

6. Nani yumo katika kaunti?

Hatari nyingine ni kudhani kwamba historia ya Kaunti ya Lamu ni historia ya mji wa kale wa Lamu. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ni rahisi kwa kavazi kuufuata umaarufu wake. Lakini kaunti ina Wabajuni wa visiwa vya kaskazini, ina Waboni wanaojiita Aweer katika msitu wa bara, ina Waorma wafugaji, na ina wakulima waliopewa mashamba katika mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wengi wao wakiwa Wakikuyu. Mashambulizi ya Juni 2014 huko Mpeketoni, ambamo makumi ya watu waliuawa, yaliyaamsha upya maswali makali juu ya nani mwenyeji na nani mgeni. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza kufuta hatimiliki za makampuni 22 zilizohusu ardhi ya ekari zipatazo 500,000. Katika mazingira hayo, kavazi linaloteua kabila moja au mji mmoja kuwa ndio historia litakuwa limejiingiza katika ugomvi.

Ndiyo maana tumeitaja shajara ya Gakaara. Kikuyu kiliandikwa Manda kabla ya Mpeketoni kuwapo, na kiliandikwa na mfungwa. Kuiweka shajara hiyo katika rafu moja na tarikhi ya Shaibu Faraji hakuamui kesi ya ardhi. Kunachofanya ni kumzuia yeyote asiseme kwamba mwenzake hana maandishi katika nchi hii.

Mipaka ya kaunti nayo haikuchorwa kwa kufuata mipaka ya simulizi. Kaburi linalosemekana kuwa la Fumo Liyongo lipo Kipini, na Kipini leo imo katika Kaunti ya Tana River. Hakuna msimulizi wa Pate atakayekatisha hadithi ya Liyongo afikapo mpaka wa kiutawala. Makavazi ya kaunti za Pwani yatalazimika kubadilishana nakala tangu mwanzo, la sivyo kila moja litakuwa na kipande cha mtu.

Wanawake ndio walioachwa nje zaidi. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, ulinakiliwa na kukaririwa majumbani kabla haujafika mikononi mwa wahariri. Nyumba za mawe za Lamu, Siu na Pate zilikuwa makavazi, na aghalabu watunzaji wake walikuwa wanawake: wao ndio waliojua kisanduku kipi kina hati ya mirathi, kipi kina utenzi, na ubeti upi huimbwa na nani. Maarifa haya hayamo katika karatasi yoyote. Yakitoweka, karatasi zitabaki kama funguo zisizojulikana mlango wake.

7. Ushahidi wenye thamani ya mahakamani

Huenda msomaji akadhani kwamba hoja hizi ni za wapenzi wa mambo ya kale. Mfano ufuatao waonyesha vinginevyo. Ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, iliyo sehemu ya mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Machi 2012, uliathiri maeneo ambamo wavuvi walikuwa wakivua kwa vizazi. Wakazi walikwenda mahakamani, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa, zikiwemo haki za uvuvi wa jadi, za utamaduni na za kupata habari. Mahakama iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Tukiitazama hukumu hiyo kwa jicho la mhakiki, tunaona kwamba suala la uvuvi wa jadi haliwezi kuthibitishwa kwa hatimiliki. Bahari haina hati. Kinachothibitisha ni majina ya mikondo na miamba, majira ya pepo, aina za mitego, kanuni za nani avue wapi na lini. Haya yote huishi katika lugha: katika istilahi za Kitikuu na Kiamu, katika nyimbo za kazi, katika methali. Mtu anayekusanya majina ya miamba kutoka kwa nahodha mzee, akataja siku, mahali na jina la msimulizi, amekusanya ushahidi ambao siku moja waweza kuhitajika na mjukuu wa nahodha huyo mbele ya hakimu. Kavazi la kaunti lingeweza kuwa mahali ambapo ushahidi wa namna hiyo unapatikana kabla kesi haijafunguliwa.

8. Wajibu wa idara zetu

Kutokana na mjadala huu twapendekeza mambo machache yanayoweza kuanza hata kabla ya jengo kupatikana. Kwanza, kila kitu kinachopokewa na kavazi, kiwe mswada, kanda au picha, kiandikiwe historia ya mapito yake: kilitoka nyumba gani, kilisomwa wapi, kilinakiliwa na nani na kwa sababu gani. Pili, nakala zote zihifadhiwe kwa lahaja na khati zilivyo, na unukuzi wa herufi za Kirumi uwekwe kando yake bila ya kuchukua mahali pake. Tatu, mwenye kutoa habari awe na haki ya kuweka masharti. Ziko dua, nasaba na siri za tiba ambazo jamii haipendi zisomwe na kila mtu, na kavazi linalolazimisha kila kitu kuwa wazi litanyimwa vilivyo vya maana zaidi. Nne, nakala zilizoko nje ziombwe kwa kutaja namba za katalogi moja baada ya nyingine, kwani ombi la jumla hupata jibu la jumla.

Jambo la tano linatuhusu sisi. Kwa miaka mingi tumewatuma wanafunzi wetu nyanjani kukusanya fasihi simulizi. Wamerudi na kanda, wameandika tasnifu, na kanda zile zimebaki katika makabati ya idara hadi zikaota ukungu. Wasimulizi waliotupa usiku mzima wa masimulizi hawakupata hata nakala. Tukiwakosoa wahariri wa zamani kwa kuchukua miswada ya Lamu, inatubidi kukiri kwamba nasi tumechukua sauti za Lamu kwa mtindo uleule, tofauti ikiwa ni umbali tu. Hatua ya kwanza ya kavazi la kaunti yaweza kuwa ni sisi kurejesha tulivyonavyo, pamoja na majina ya wenyewe.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kavazi la kaunti haliwezi kuwa tawi dogo la kavazi la taifa, linalotunza faili za ofisi za kaunti na kusubiri watafiti. Lamu inatufundisha kwamba waraka waweza kuwa faili, utenzi, shajara ya mfungwa au jina la mwamba baharini, na kwamba kila kimoja kina kaida zake za kusomwa. Inatufundisha pia kwamba wingi wa nakala ndio uliokuwa kinga ya historia hapo zamani. Kitabu cha Witu kilikuwa kimoja, kikateketea. Simulizi la Bwana Kitini lilikuwa limekwisha kuingia katika masikio na kalamu za wengi, na kwa sababu hiyo leo tunaweza kubishana juu yake. Wasimulizi walio hai katika visiwa hivyo ni wazee, na kila mwaka idadi yao inapungua. Majengo ya makavazi yaweza kusubiri bajeti ijayo, wao hawawezi.